Hata Moshi Una Hesabu Yake



Katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, Bwana wetu asimulia habari za wakili aliyeitwa na tajiri wake kwa sababu mali ilikuwa ikitapanywa. Mara nyingi mahubiri hukaa juu ya werevu wa mtu yule. Sisi tungependa mtazame kwanza kile alichokifanya katika hati za madeni. Aliwaita wadeni mmoja mmoja. Aliyedaiwa vipimo mia vya mafuta akaandikishwa hamsini, na aliyedaiwa vipimo mia vya ngano akaandikishwa themanini. Mafuta yaliyokopwa yalikuwa yaleyale, na ngano ilikuwa ileile. Maandishi tu ndiyo yaliyobadilika.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu twataka kusema nanyi juu ya somo ambalo baadhi yetu tunalifundisha hapa Lubumbashi, katika chuo kikuu, kwa saa chache kila juma: hesabu ya gesi joto. Wengi wenu mtalikuta mtakapoanza masomo ya kilimo, ya madini, ya uchumi au ya ualimu. Maoni yetu ni kwamba kijana Mkristo wa Haut-Katanga anapaswa kujifunza hesabu hii, tena kwa mifano ya mji wake mwenyewe. Kwa maana kabla ya kuwa somo la hali ya hewa, ni somo la uwakili.

Namna ya kuhesabu

Joto la jua huishukia nchi, na sehemu yake hurudi juu. Ziko gesi angani zinazolizuia lisitoke lote: hewa ukaa, methani, oksidi ya nitrasi na nyinginezo. Bila gesi hizo dunia ingekuwa na baridi isiyovumilika. Zikizidi, joto nalo huzidi, mvua hupotea katika majira yake, na mkulima hajui tena siku ya kupanda mahindi. Kwa kuwa macho hayazioni, yatupasa kuzihesabu kwa njia ya vitu vinavyoonekana: lita, kilo, gunia, kilomita.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua kiasi cha kitu kilichotumika, ukizidishe kwa kiasi cha gesi kinachotolewa na kipimo kimoja cha kitu hicho. Lita moja ya dizeli, ambayo hapa kwetu twaiita mazutu, hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Wanafunzi hushangaa: lita hiyo haifiki hata kilo moja, yawezaje kutoa karibu kilo tatu? Jibu liko katika moto wenyewe. Kila chembe ya kaboni, yenye uzito wa 12, hushikana na chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, kila moja yenye uzito wa 16, na jumla huwa 44. Hivyo kinachotoka ni kizito kuliko kilichoingia. Parokia inayochoma lita 10 za mazutu kila juma katika jenereta yake, kwa majuma 52, hutoa kiasi cha kilo 1,400 za hewa ukaa kwa mwaka. Methani ina nguvu kubwa zaidi: kilo moja yake, ikipimwa kwa muda wa miaka 100, hulingana na kilo 28 hivi za hewa ukaa.

Kuzidisha, basi, kila mmoja wenu anakuweza. Ugumu ni kuamua kitu gani kiandikwe, na kiandikwe katika ukurasa wa nani. Kanuni zinazofuatwa na makampuni mengi duniani, ambazo toleo lake lililosahihishwa lilitoka mwaka 2004, hugawa hesabu katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni moshi wa mitambo na magari ya kampuni yenyewe. Ya pili ni ule unaotokana na umeme inaoununua. Ya tatu ni mengine yote yanayotangulia na yanayofuata: vifaa vilivyonunuliwa, usafiri wa bidhaa, matumizi yake hadi mwisho.

Sasa tazameni mji wetu. Umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji: maporomoko ya Mwadingusha juu ya mto Lufira, mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, na waya mrefu wa kilomita 1,700 hivi ulioanza kuleta umeme wa Inga hadi Kolwezi mwaka 1982. Kwa hiyo kampuni ya hapa iandikapo sehemu ya pili, ukurasa wake huonekana safi kabisa. Lakini ninyi mnaoishi hapa mnajua jinsi umeme unavyokatika. Siku hiyo jenereta kubwa hunguruma, na moshi huhama kutoka sehemu ya pili hadi ya kwanza. Nayo malori ya shaba na kobalti yanayosimama foleni Kasumbalesa yakielekea bandari za mbali yamo katika sehemu ya tatu. Mkaguzi aliyekaa Ulaya anaweza kusoma ukurasa wa umeme na kuridhika. Mwanafunzi wa Ruashi au Katuba atauliza swali lingine: kwa mwaka mzima, jenereta iliwashwa saa ngapi? Swali hilo halimo katika vitabu vilivyoandikwa mahali ambapo umeme haukatiki, na ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka hesabu hii ifanywe na watu wa hapa.

Gunia la makala

Mfano wa pili uko jikoni kwenu. Nyumba nyingi za Lubumbashi hupika bukari kwa makala, yale ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita mkaa. Tuseme jamaa moja hutumia gunia la kilo 50 kila mwezi, yaani kilo 600 kwa mwaka. Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo moja ya makala huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kavu. Kwa hiyo makala ya jamaa hiyo yametoka katika tani 3 hadi 6 za miti ya miombo. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukiigeuza kwa ile kanuni ya 44 na 12, utapata tani 5 hadi 10 za hewa ukaa, nyingine zikitoka katika tanuru kule porini na nyingine katika mbabula pale uani. Tena tanuru hutoa methani, kwa kuwa kuni huungua humo bila hewa ya kutosha.

Hapo somo huwa gumu, nasi hupenda kulisimamisha ili wanafunzi wabishane. Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2006, ambao serikali huufuata, hewa ukaa inayotokana na kuchoma kuni au makala haijumlishwi katika ukurasa wa nishati. Huhesabiwa katika ukurasa wa ardhi na misitu, pale mti ulipokatwa. Sababu yake ni ya haki: kama ingeandikwa pande zote mbili, ingehesabiwa mara mbili. Na kama mti ungeota tena, ungeirudisha kaboni ileile. Miti ya miombo kweli huchipua katika visiki, endapo moto na jembe havikupita juu yake mapema.

Lakini itakuwaje endapo ukurasa wa misitu haukuandikwa kwa uangalifu? Itakuwaje endapo msitu ulidhaniwa kuota tena, hali mtu asafiriye barabara ya Kasenga huona visiki na mashamba mahali palipokuwa na pori? Hapo moshi wa mji mzima huanguka katikati ya kurasa mbili, na hakuna anayeuokota. Kila ukurasa ni sahihi ukisomwa peke yake, na bado hesabu nzima ina uongo. Kijana aliyejifunza kuuliza kuhusu ukurasa wa pili amejifunza jambo litakalomsaidia hata akiwa mweka hazina wa kikundi, au mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa.

Mji huu umekwisha kuona jambo la namna hii. Tangu mwaka 1911 shaba iliyeyushwa hapa Lubumbashi, na shaba hiyo iliandikwa kwa tani, mwaka baada ya mwaka. Moshi uliopita katika bomba kubwa ukaanguka juu ya bustani za watu haukuandikwa kwa uaminifu wa namna ile. Mpaka leo udongo wa sehemu zilizokuwa chini ya upepo wa kiwanda una sumu ya metali, na majani hayaoti pale kama kwingine. Faida iliingia katika daftari la kampuni, na hasara ikaingia katika udongo wa wakaaji.

Kwa nini sisi, tusiochafua sana?

Wako vijana wanaotuambia: Mzee, Wakongo hawana viwanda vingi wala magari mengi, waliochafua anga ni wengine, nao wahesabu wenyewe. Neno hilo lina ukweli, wala hatutaki kulificha. Sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyorundikana angani ilitoka katika nchi zilizoanza viwanda zamani. Hata hivyo twaona sababu tatu za kuhesabu.

Kwanza, wengine wamekwisha kuanza kutuhesabu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri inayotaka betri za magari ya umeme zitangaziwe kiasi cha gesi joto kilichotolewa katika kuzitengeneza, tangu machimbo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Basi hesabu ya Kolwezi na Likasi itaandikwa, tukitaka tusitake. Linalobaki ni kujua kama katika meza ile atakuwepo mtoto wa Katanga awezaye kusema: namba hii si sahihi, nami nitawaonyesha kwa nini.

Pili, asiye na daftari hawezi kudai. Katika ahadi yake iliyosahihishwa mwaka 2021, Jamhuri yetu ilisema itapunguza gesi hizo kwa asilimia 21 kufikia mwaka 2030: asilimia 2 kwa nguvu zake yenyewe, na asilimia 19 kwa sharti la kusaidiwa. Anayeomba msaada huombwa hesabu. Na anayedai haki huombwa ushahidi. Kusema kwamba tumedhulumiwa ni rahisi. Kuonyesha kwa kiasi gani, tangu lini na kwa mkono wa nani, kwahitaji watu waliosoma.

Tatu, bila kuhesabu hatuijui hata mali yetu. Katika bonde la kati la mto Kongo, upande wetu na upande wa Brazzaville, uko udongo mweusi wa majimaji uliofanyika kwa majani na miti isiyooza kwa maelfu ya miaka. Ukubwa wake haukujulikana mpaka mwaka 2017, watafiti wa Uingereza na wenzao wa Kongo-Brazzaville walipotangaza kwamba umehifadhi kaboni tani bilioni 30 hivi. Na kule Yangambi, mkoa wa Tshopo, mwaka 2020 ulisimamishwa mnara wa mita 55 unaopima gesi inayoingia na kutoka katika msitu. Babu zetu waliishi juu ya hazina hiyo, na hapakuwa na karatasi iliyoiandika.

Hatari mbili

Hatuwezi kulisifu somo hili bila kuonya. Hatari ya kwanza ni kuigeuza hesabu kuwa njia ya kununua dhamiri safi. Kampuni hutoa moshi mahali pamoja, kisha hulipia miti mahali pengine, na kuandika kwamba deni limefutika. Pengine miti hiyo ingekuwepo hata bila fedha yake. Pengine wenye kijiji hawakuulizwa. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alionya kwamba biashara ya namna hiyo yaweza kuwa ulanguzi mpya, na kuwaacha wenye nguvu waendelee na mwenendo wao. Sisi hatusemi kwamba kila mradi ni wa uongo. Twasema kwamba mwenye kusaini mkataba wa msitu wake asiyejua kuhesabu amekwisha kushindwa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hatari ya pili ni kuigeuza kuwa fimbo ya kumpiga maskini. Baada ya kuona zile tani 5 hadi 10, mwanafunzi mwepesi wa kuhukumu atamlaumu mchoma makala, au yule baba asukumaye baiskeli yenye magunia tangu usiku wa manane. Lakini mtu huyo hupika nini, hulipa ada ya shule kwa fedha gani, na mama aliye mjini apikie nini umeme usipokuwepo? Hesabu inayoonyesha kilo bila kuonyesha mtu imesimama katikati ya njia. Katika darasa letu tunataka kila namba ifuatwe na sentensi moja: ni nani aliye nyuma yake, na ana uwezo gani wa kuchagua? Mwenye mgodi ana uwezo mwingi. Mwenye mbabula ana mchache. Uchunguzi wa dhamiri nao humpima mtu kwa kadiri ya uhuru wake.

Na katika jambo la uaminifu wa kukagua, tunaye ndugu wa karibu wa kumtazama. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwezi wa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Kazi yake ilikuwa kuangalia, kupima na kuweka sahihi. Sahihi yake moja tu ndiyo waliyoitaka. Kesho baadhi yenu mtaombwa sahihi chini ya hesabu ya moshi, na bahasha itakuwa mezani.

Mwalimu wa saa chache

Twarudi sasa kwenye darasa. Somo hili mara nyingi hukabidhiwa walimu wa muda, wanaokuja kwa saa chache na kurudi kwenye kazi nyingine. Wengine huliona kuwa pambo la ratiba. Sisi tulio makatekista hatuwezi kuidharau kazi ya saa chache, maana ndivyo imani ilivyofundishwa katika vijiji vyetu: na watu wenye shamba, wenye jamaa, waliokuja jioni kufundisha. Tofauti ni kwamba katekista hukaa pamoja na wale anaowafundisha, naye huwaona kila siku wakiishi au wasipoishi kile walichokariri.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, hesabu hii ifundishwe kwa kupima. Mwanafunzi apeleke mizani sokoni Kenya akapime gunia la makala, maana magunia hayalingani. Aandike saa za jenereta ya hospitali au ya shule. Kisha ndipo afungue kitabu cha Kifaransa. Aelezwe kwa Kiswahili pia, ili aweze kumweleza mama yake.

La pili, lisibaki chuo kikuu tu, bali liingie katika vyuo vya ualimu. Jirani zetu wa Tanzania wameweka kituo chao cha taifa cha kufuatilia kaboni ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, mahali ambapo vijana wanasoma. Hilo ni jema, nasi twaongeza: mhandisi mmoja aliyefundishwa huhesabu mgodi mmoja, lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi huwafundisha watoto 50 kila mwaka. Kuzidisha na asilimia wanafundishwa tayari. Hawatapungukiwa na kitu wakijifunza kwa gunia na lita badala ya machungwa ya kufikirika.

Nanyi vijana, msingoje chuo. Katika vikundi vyenu, wawe ni Xaveri, Kizito-Anuarite, Skauti au kwaya, chagueni jambo moja la parokia yenu kwa miezi mitatu: mazutu ya jenereta, au makala ya jikoni siku za sikukuu. Andikeni kila juma, pasipo kupunguza na pasipo kuongeza. Mwishoni msomeeni padri na halmashauri ya parokia hesabu yenu, pamoja na neno moja juu ya kile kinachoweza kubadilishwa, na kile kisichoweza kubadilishwa kwa sasa. Msiogope namba ikiwa kubwa. Yule wakili wa Injili aliogopa, akashika kalamu.

Mungu Muumba, aliyetukabidhi nchi hii yenye shaba, mito na miombo, awajalie macho ya kuona na mkono usiotetemeka wakati wa kuandika.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika parokia yetu, ni gharama gani ya wengine ambayo haijaandikwa katika daftari letu lolote?

2. Tukisema kwamba mchoma makala anaharibu msitu, sisi tunaonunua makala yake tumejiandika katika ukurasa gani?

3. Kama mmoja wetu angeombwa kuweka sahihi chini ya hesabu anayojua kuwa si ya kweli, kikundi chetu kingemsaidiaje kukataa?